Kabla ya Paneli, Soma Risiti ya LUKU: Hesabu ya Sola kwa Nyumba za Mazimbu

Ukitaka kujua kama sola itakurudishia pesa zako, usianze dukani mjini Morogoro kuuliza bei ya paneli. Anza na ujumbe wa LUKU uliomo kwenye simu yako. Fungua ule wa mwisho, tazama umelipa shilingi ngapi na umepewa uniti ngapi, kisha gawanya. Kwa nyumba ya kawaida jibu litaangukia kwenye shilingi 122 au 356, na tofauti ya namba hizo mbili inaamua karibu kila kitu kinachofuata. Nyumba mbili zinazotazamana hapa Mazimbu, kila moja ina friji na televisheni, zinaweza kununua paneli zilezile kwa fundi yuleyule, moja ikarudisha fedha kwa miaka mitano na kitu na nyingine isirudishe maisha yake yote.

Bei hizo ni za tangu 2016. Wateja wa kundi la D1, yaani matumizi madogo ya nyumbani, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Wa T1, yaani matumizi ya kawaida, hulipa 292 kuanzia uniti ya kwanza. Juu ya hapo kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, ndipo 100 inapokuwa 122 na 292 inapokuwa 356. Ile 9,150 ambayo watu huinunua mwanzo wa mwezi ndiyo hiyo: uniti 75 kamili za D1. Kodi ya jengo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, iondoe kwenye hesabu. Inakatwa kwenye LUKU, lakini haihusiani na umeme unaotumia, na paneli haziipunguzi hata senti.

Sasa chukua familia ya D1 inayotumia uniti 60 kwa mwezi: taa, televisheni, friji ndogo, simu. Inalipa 7,320. Hata sola ikichukua mzigo wote, kwa mwaka mzima itakuwa imeokoa 87,840. Mfumo wa kubeba nyumba hiyo usiku na mchana, pamoja na betri ndogo ya lithiamu, tuuweke shilingi milioni 3. Fedha hiyo itarudi baada ya miaka 34, wakati paneli zenyewe hupewa dhamana ya uzalishaji ya miaka 25 na betri 10. Kwa familia hii sola si uwekezaji. Anayewaambia vinginevyo anawauzia ndoto, na mara nyingi ni familia zisizo na milioni 3 ya kuchezea. Kama shida yao ni giza umeme unapokatika, taa mbili za kuchaji na betri ndogo ya simu zinatosha kabisa.

(Bei za vifaa nitakazotumia hapa ni za kupigia hesabu, za kiwango kinachokaribia soko letu. Hupanda na kushuka na dola. Ukipata profoma ya duka lako, futa zangu, weka za kwako.)

Patamu ni pale mpakani, kwenye uniti 75. Nyumba ya T1 inayotumia uniti 95 kwa mwezi hulipa kama 33,840. Ikishuka hadi uniti 70 na TANESCO wakaikubali kwenye D1, italipa 8,540. Yaani uniti 25 tu zimepungua, lakini mfukoni zimebaki shilingi 25,300 kila mwezi, zaidi ya laki tatu kwa mwaka. Hakuna uniti ya jua yenye thamani kubwa Mazimbu kuliko hizo 25. Paneli moja ya wati 550 na inveta ndogo inayofanya kazi bila betri, ikiendesha friji na televisheni mchana, inaweza kuziondoa. Kwa kazi nzima ya kama 1,200,000, fedha inarudi ndani ya miaka minne.

Lakini kabla hujalipa hiyo 1,200,000, itazame friji. Friji kuukuu iliyolegea mpira wa mlango hula uniti moja na nusu hadi mbili kwa siku. Friji ndogo mpya yenye inveta inaweza kutumia nusu ya hapo au pungufu. Jaribio ni rahisi: fungia karatasi mlangoni, uivute. Ikitoka bila kukwama, baridi inatoka pia. Mpira mpya ni wa makumi ya elfu. Nyumba nyingi zilizo kwenye uniti 90 na kitu zinaweza kurudi chini ya 75 kwa mpira wa friji, taa za LED na kuacha kupiga pasi shati mojamoja kila asubuhi, bila mtu kupanda juu ya bati. Kuhamishiwa D1 hakuji kwenyewe, unaomba TANESCO nao wanatazama rekodi ya matumizi yako. Na ukishaingia, uniti ya 76 inakugharimu 350 kabla ya tozo, yaani 427. Ukizidi mara kwa mara unarudishwa T1.

Kwa wenye nyumba za kupangisha, mambo yanachukua njia nyingine kabisa. Mazimbu ni mji wa wapangaji. Eneo ambalo chama cha ANC cha Afrika Kusini kilijenga shule yake ya wakimbizi, SOMAFCO, lilirudishwa kwa Tanzania mwaka 1992 na leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Chuo kina wanafunzi wengi kuliko vitanda, kwa hiyo pembeni yake nyumba za vyumba sita au nane zimejaa, na nyingi zina mita moja. Vyumba sita vya uniti 40 kila kimoja hufanya 240 kwenye mita moja. Hiyo ni T1, kama 85,500 kwa mwezi, pamoja na ugomvi wa kila Jumapili kuhusu nani ana jiko la koili.

Mwenye nyumba wa namna hii akija kuuliza sola, jibu langu ni mita. Kuunganishiwa umeme wa njia moja mjini, pasipo nguzo, ni 320,960. Kwa vyumba sita ni 1,925,760. Ongeza laki moja kila chumba ya kutenganisha waya, inafika 2,525,760. Kama TANESCO watawakubali kama wateja sita wa D1, kila chumba kitalipa 4,880 badala ya kuchangia zaidi ya 14,000. Nyumba nzima inaokoa kama 56,200 kwa mwezi, na gharama inarudi kwa miaka mitatu na miezi tisa hivi. Hakuna paneli itakayoshinda hapo. Tatizo ni moja tu: anayelipia mita ni mwenye nyumba, anayeokoa ni mpangaji, kwa hiyo wanapaswa kukaa chini na kukubaliana kodi mpya kabla kazi haijaanza. Na wahakikishe kodi ya jengo haikatwi kwenye mita zote sita.

Nani basi anafaidi sola? Ni nyumba ya T1 ambayo hata ikijibana haiwezi kushuka chini ya 75, na ambayo ina kazi za mchana. Ina friji na friza, pampu ya kupandisha maji kwenye simtenki, kompyuta, pengine mama anayeuza barafu na juisi. Tuseme uniti 200 kwa mwezi, kama 71,250.

Kwanza, jua lenyewe. Kilowati moja ya paneli kwa Morogoro, baada ya kuondoa upotevu wa joto, vumbi na inveta, inakupa wastani wa uniti 4 kwa siku ukichukua mwaka mzima. Wastani huo una mabonde. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mawingu ya Uluguru hushuka hadi tambarare na uzalishaji hupungua waziwazi. Kiangazi jua ni la kutosha lakini vumbi la barabara za changarawe hutanda kwenye vioo. Paneli zielekezwe kaskazini, kwa sababu tuko kusini ya ikweta, zikiinama nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iweze kuzisafisha. Kwa bahati njema milima iko upande wa kusini wa mji, haizibi jua la mchana. Kinachoziba ni miembe. Paneli zilizofungwa kwa mfululizo zikiguswa na kivuli cha tawi moja, zote zinazembea, kama foleni ya bodaboda nyuma ya lori. Kwa hiyo panda juu saa tatu asubuhi na tena saa kumi jioni, uone vivuli vinaanguka wapi, kabla fundi hajatoboa bati.

Hesabu ya nyumba hii bila betri ni hii. Paneli mbili za wati 550, 600,000. Inveta ya haibridi ya kilowati 3 inayoweza kufanya kazi pamoja na TANESCO bila betri, milioni moja. Fremu, waya, breka, kinga ya radi na ethi, 350,000. Fundi, 200,000. Jumla 2,150,000. Paneli hizo zitazalisha uniti 132 kwa mwezi, lakini zisizotumika wakati huohuo zinapotea, kwa hiyo hesabu 90 tu. Tisini mara 356 ni kama 32,000 kwa mwezi, au 385,000 kwa mwaka. Fedha inarudi baada ya miaka mitano na miezi saba.

Hizo uniti 90 hazijileti. Ni lazima nyumba ibadilishe ratiba: pampu iwashwe saa tano badala ya jioni, pasi ipigwe mchana, friza igandishe barafu mchana na kuachwa ishikilie baridi usiku. Na kuna maharage. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na jiko la presha la umeme linaivisha maharage ya familia kwa karibu nusu uniti. Kwa T1 ni chini ya shilingi 180. Saa sita mchana chini ya paneli zako, ni bure. Mkaa wa sufuria hiyohiyo unazidi hapo kwa mbali. Kwa nyumba inayohama kutoka mkaa, hesabu ya sola huwa nzuri kuliko nilivyoonyesha, maana inaondoa gunia pamoja na uniti. Ila kwa nyumba ya D1, jiko hilo linaweza kuivusha 75. Iangalie mita wiki mbili za kwanza.

Betri ndipo watu wanapoumia. Mafundi wengi wa hapa bado wanauza betri za jeli za 200Ah, kwa sababu mteja anaona 600,000 ni afadhali kuliko milioni 3 ya lithiamu. Ichambue. Betri ya volti 12 yenye 200Ah inabeba uniti 2.4, lakini ukitaka idumu usiitumie zaidi ya nusu: 1.2. Kwa joto la Morogoro, ikikupa mizunguko elfu moja umeitunza vizuri. Hizo ni uniti 1,200 kwa 600,000, yaani shilingi 500 kwa kila uniti iliyohifadhiwa, kabla hujalipia paneli iliyoizalisha. TANESCO anakuuzia T1 kwa 356! Kila usiku unaowasha friza kwa betri ya jeli huku umeme upo, unapoteza pesa.

Lithiamu ya uniti 5, yenye dhamana ya miaka 10, inakuachia kama uniti 4.5 kila usiku. Ikitumika kila siku kwa miaka yote hiyo ni zaidi ya uniti 16,000. Milioni 3 ukizigawanya hapo unapata shilingi 183 kwa uniti. Hiyo inaeleweka. Hata hivyo tazama nyumba yetu ya uniti 200 ikiamua kuongeza betri hiyo, paneli mbili zaidi na fremu yake: nyongeza ya 3,700,000. Itaokoa uniti nyingine 90 kwa mwezi, 385,000 nyingine kwa mwaka. Fedha ya nyongeza inarudi baada ya miaka tisa na miezi saba, na dhamana ya betri inaisha ya kumi. Unatoka sare. Kwa hiyo nunua betri kwa sababu ya umeme kukatika, na uiite kwa jina hilo. Usiiingize kwenye hesabu ya kuokoa.

Na kukatika kupo. Mkoa huu una mabwawa ya Kidatu na Kihansi, na Bwawa la Julius Nyerere mpakani mwetu na Pwani lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115. Mtambo wa kwanza ulipowashwa Februari 2024, mgao mkali wa miezi iliyotangulia ulianza kulegea. Siku hizi nchi ina umeme wa kutosha kwenye mabwawa, lakini umeme huo bado unapita kwenye nguzo na transfoma za mtaani, na upepo wa masika ukiangusha tawi, megawati 2,115 hazikusaidii.

Swali ni je, unapokatika, unatumia nini? Mwenye stationari karibu na geti la chuo, anayechapa tasnifu za wanafunzi mwezi Juni, huwasha jenereta. Jenereta ndogo ya petroli hutoa kama uniti 2 kwa lita. Petroli ikiwa karibu 3,000, uniti ni 1,500, mara nne ya T1, ukiacha oili na kelele. Wenye saluni na vibanda vya kuuza samaki wa friza wako hapohapo. Kwao betri ya lithiamu inashindana na ile 1,500, na ndiyo maana nyumba ya jirani inaweza kushindwa kurudisha fedha na duka la mbele likarudisha haraka. Duka kama hilo liandike daftarini lita zote za petroli kwa miezi mitatu. Namba hiyo ina uzito kuliko neno la muuzaji.

Msomaji atakutana na hesabu za Ujerumani au Kenya zikionyesha fedha ikirudi kwa miaka michache kuliko hii. Mjerumani hulipa uniti yake kwa zaidi ya shilingi elfu moja za kwetu. Kenya uniti ya nyumbani huwa kati ya shilingi 25 na 30 za kwao, juu ya T1 yetu, na mwaka 2024 wametoa kanuni za kumruhusu mwenye paneli kurudisha ziada kwenye gridi. Paneli ni zilezile, zinatoka China kwenda kote. Inayotofautiana ni bei ya uniti wanayoiondoa.

Jambo ambalo naliona likiumiza watu zaidi ya betri mbovu ni mkopo. Ukikopa ile 2,150,000 ya mfumo usio na betri kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, riba ya mwezi wa kwanza ni 32,250. Akiba ya mwezi kutoka kwenye paneli ni 32,000. Riba peke yake imemeza akiba yote, na deni lenyewe halijaguswa. Anza na paneli mbili za fedha taslimu, nunua inveta yenye nafasi ya kuongeza, uache betri isubiri mavuno au bonasi. Na mwenye fedha taslimu naye ajiulize ingefanya nini pengine. Mfuko wa pamoja wa uwekezaji unaolipa asilimia 12 ungekupa 258,000 kwa mwaka na mtaji wako ukabaki. Paneli zinakupa 385,000, lakini inveta itachakaa baada ya miaka minane, kumi. Bado nachagua paneli kwa nyumba ya T1 yenye kazi za mchana, ila si kwa pengo kubwa kama wauzaji wanavyosema.

Ukifika dukani, chukua futi ya fundi seremala. Paneli ya kisasa hutoa kama wati 210 kwa kila mita moja ya mraba. Wati 550 za kweli zina urefu wa mita 2.28 na upana wa mita 1.13, na uzito wa karibu kilo 28. Kibandiko kikisema 550 kwenye paneli inayoingia mlango wa nyuma wa Noah bila shida, kibandiko kinadanganya. Betri ya jeli ya 200Ah ina kilo 55 na zaidi. Mtoto wa duka akiinyanyua kwa mkono mmoja, ondoka. Inveta ipimwe mbele yako ikiwa imebeba friji na pasi kwa pamoja. Fundi awe na leseni ya EWURA, na risiti iandike namba ya kila kifaa, kwa sababu dhamana ya miaka 10 isiyo na namba ni maneno matupu.

Wenzetu wa milimani, huko Uluguru ambako kuna vitongoji nguzo hazijafika, hesabu yao haihusu LUKU. Wanashindana na mafuta ya taa, betri za tochi na shilingi 300 hadi 500 za kuchaji simu moja kwenye kibanda cha mwenzao. Kwao sola ndogo hulipa mapema, na mfumo wa kulipa kidogokidogo kwa simu, ulioanzia Kenya na Arusha karibu 2012 na kampuni kama M-KOPA na Off Grid Electric, ndio uliowafikia wengi. Shilingi 1,000 kwa siku husikika ndogo. Kwa miaka miwili ni 730,000, na hapo unaweza kuwa umelipa karibu mara mbili ya bei taslimu ya taa nne, redio na paneli yake. Kabla ya kuweka kidole kwenye mkataba, muulize wakala maswali matatu na akuandikie majibu: jumla yote ni shilingi ngapi, betri ikifa mwaka wa pili nani anailipia, na siku ukikosa malipo wakati wa kusubiri mavuno, taa zinazimwa baada ya siku ngapi.